Mihadhara ya Ursula Franklin kuhusu teknolojia: rekodi za 1989 ambazo bado zinafaa kusikilizwa

Mihadhara ya wazi kuhusu uhandisi, teknolojia na athari zake kwa jamii imejaa kila mahali, tena mingi ni ya bure. Kazi iko katika kuchagua. Mihadhara mingi ni matangazo ya biashara yaliyovaa joho: mzungumzaji anapanda jukwaani, anaonyesha kifaa kipya, anaahidi maisha mapya, anashuka. Mwulize msikilizaji baada ya wiki moja amebaki na nini, atakutajia jina la kifaa. Mhadhara wa maana hukuachia kipimo ambacho unaweza kukipeleka kwenye mita ya umeme, kwenye kaunta ya benki au kwenye chumba cha upasuaji ukakuta kinapima kweli. Kwa kigezo hicho, mfululizo unaostahili kuwekwa mbele ni ule wa Ursula Franklin, The Real World of Technology, uliorushwa na redio ya taifa ya Kanada, CBC, mwaka 1989.

Ni sehemu ya Mihadhara ya Massey, iliyoanza mwaka 1961 na kupewa jina la Vincent Massey, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Utaratibu wake ni kumpa mtu mmoja vipindi kadhaa mfululizo afafanue jambo moja hadi lieleweke. Franklin alikuwa profesa wa sayansi ya metali katika Chuo Kikuu cha Toronto. Alizaliwa Munich mwaka 1921, akapitia kambi ya Wanazi wakati wa vita, akapata udaktari wa fizikia Berlin mwaka 1948, na mwaka uliofuata akahamia Kanada. Miaka ya 1960 alishiriki kazi ya kupima stronti-90 katika meno ya watoto, mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofika kinywani kupitia maziwa. Alitumia pia ujuzi wake wa metali kuchunguza vyombo vya kale. Wasifu huu una maana kwa msikilizaji kwa sababu mifano ya Franklin inatoka kwenye meza ya kazi. Hazungumzii mashine kwa kuzisikia.

Moyo wa mihadhara uko mwanzoni kabisa, anapogawa kazi za mikono na mashine katika aina mbili. Aina ya kwanza ni ile ambayo fundi mmoja anaishika kazi tangu mwanzo hadi mwisho: mfinyanzi, mhunzi, mpishi. Anaamua njiani, anabadilisha akiona udongo umekuwa mzito au moto umepungua. Aina ya pili ni kazi iliyokatwa hatua hatua, kila hatua na mtu wake, kila mtu na maagizo yake. Wengi wangetarajia mfano wa aina hii ya pili utoke kwenye viwanda vya Uingereza na mashine za mvuke. Franklin anakwenda China, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, kwenye usubuaji wa vyombo vya bronzi, na hapo ndipo ujuzi wake unapoonekana.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza hutengenezwa mfano wa udongo wenye umbo la chombo kinachotakiwa, na mapambo yake huchongwa hapo. Udongo mwingine hupakwa juu ya mfano. Ukishika kiasi, hukatwa vipande na kubanduliwa kwa uangalifu. Vipande hivyo ndivyo kalibu ya nje. Mfano unaobaki hukwanguliwa pande zote ili uwe kiini cha ndani, na unene wa kile kilichokwanguliwa ndio utakaokuwa unene wa ukuta wa chombo. Vipande huchomwa, huunganishwa upya kukizunguka kiini, na vibanzi vidogo vya bronzi huwekwa katikati ili kiini kisigusane na kalibu. Kisha bronzi iliyoyeyuka humiminwa. Kalibu ikiwa na unyevu, mvuke huipasua. Kiini kikisogea hata kidogo, upande mmoja wa chombo hutoka mwembamba au na tundu. Na umiminaji ukikatika katikati kwa sababu chungu cha pili cha kuyeyushia kimechelewa, madini ya kwanza hupoa, yanayofuata hayashikani nayo, na mahali hapo hubaki ufa.

Sasa fikiria uzito. Chombo kizito kuliko vyote vya namna hiyo vilivyobaki, kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939, kina kilo 832. Hakuna chungu kimoja kinachoyeyusha kiasi hicho. Lazima vyungu vingi viwe tayari kwa wakati mmoja, wafanyakazi wafuate mpangilio bila kujadiliana, na awepo anayesimamia mfuatano wote. Hitimisho la Franklin ni zito: nidhamu ya kiwanda haikuletwa na injini. Ilikuwepo kabla, ndani ya namna ya kupanga kazi, na watu waliofanya kazi hivyo vizazi kwa vizazi walizoea kutii hatua zilizopangwa na mtu mwingine. Anasema utii huo ni zao la teknolojia sawasawa na vile vyombo. Ukishalisikia hili huwezi tena kuitazama fomu ya ofisini, au programu ya simu inayokataa kuendelea mpaka ujaze kisanduku kisichokuhusu, kama kitu kisicho na upande.

Mfano wa cherehani nao umesimama imara. Baada ya Isaac Singer kupata hataza yake mwaka 1851, mashine hiyo ilisifiwa kuwa itawakomboa wanawake kutoka kwenye sindano na uzi. Kilichofuata ni viwanda vilivyojaza wanawake waliolipwa kidogo, mmoja akishona mikono tu, mwingine kola tu. Mashine haikubadilika, kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi. Msikilizaji wa Afrika Mashariki haihitaji Kanada kulithibitisha hilo. Fundi wa barazani anakupima, anakata, anashona, anakujaribisha, anarekebisha kiuno. Kwenye viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, vinavyoshona kwa ajili ya soko la nje, mtu anakaa mbele ya cherehani na kushona mshono uleule kutwa nzima, halafu kipande kinapita kwa jirani. Mhadhara unaokuwezesha kuona kwamba hizi ni teknolojia mbili, ingawa mashine zinafanana, umefanya kazi yake.

Jambo la tatu la kusikiliza kwa makini ni tofauti anayoiweka kati ya mrejesho na majibizano. Mrejesho ni taarifa inayorudi ili mfumo uendelee vizuri zaidi na kazi uliyokwisha kupangiwa. Majibizano ni pale ambapo jibu lako linaweza kubadilisha mpango wenyewe. Redio na televisheni, asema, zinapeleka sauti upande mmoja tu. Chukua kipimo hicho uende nacho kwenye huduma kwa wateja ya simu: unaombwa utoe nyota moja hadi tano, na nyota zako zinaweza kumwathiri mhudumu aliyekupokea, lakini hakuna kitufe cha kusema kwamba menyu yote imepangwa vibaya. Huo ni mrejesho mtupu. Mhandisi anayebuni mfumo wa umma angefanya vyema kujiuliza mapema ni wapi mtu wa mwisho anaweza kukataa na kukataa kwake kukahesabika.

Ili kupima kama zana hizi za 1989 bado zinakata, zilete kwenye tukio la 2024: mita za umeme wa malipo ya kabla, LUKU kwa Tanzania na tokeni kwa Kenya. Mita hizi zinafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba, pamoja na kiasi cha umeme, alama ya wakati iliyotengenezwa kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993. Mita hukumbuka alama hizo ili tokeni moja isitumike mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1), yaani dakika 16,777,216, ambazo ni chini kidogo ya miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwa imebadilishwa ingeendelea kutumia yuniti zilizobaki lakini ingeona kila tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Suluhisho likawa kila mteja aingize kwanza makundi mawili ya tarakimu 20 ya kubadilisha ufunguo wa mita, kisha kundi la tatu lenye umeme wake.

Kiufundi ni suluhisho safi. Halikuhitaji fundi kupita nyumba kwa nyumba. Lakini Franklin anasisitiza kwamba haitoshi kuuliza faida ni zipi na gharama ni zipi. Uliza faida ya nani na gharama ya nani. Uamuzi wa ukubwa wa hesabu ulifanywa na wabunifu wachache, na kazi ya kuurekebisha ikagawiwa kwa mamilioni ya wateja, akiwemo mzee asiyeona vizuri aliyesimama mbele ya vitufe vilivyofutika. Ukikosea tarakimu moja unaanza kundi upya. Ukiingiza la tatu kabla ya mawili ya kwanza, mita inalikataa. Mteja hakuwa na mahali pa kujibu. Alikuwa na hatua za kufuata. Na biti chache zaidi tangu mwanzo zingeisogeza siku hiyo mbele sana, kwa sababu kila biti moja inayoongezwa huongeza muda maradufu. Zilikuwa na gharama yake: tokeni ingekuwa ndefu zaidi, na mteja angechapa tarakimu nyingi kila anaponunua. Mhadhara wa Franklin haukupi jibu la mvutano huo. Unakuwezesha kuuona na kuutaja.

Kwenye sehemu ya kupanga na kutawala anatoa maswali saba ya kuupima mradi wowote wa umma. Je, unakuza haki? Unarudisha majibizano kati ya watu? Faida yake inagawanyika kwa wachache au ni ya wote kwa pamoja, kama hewa safi? Unawapa watu nafasi kuliko mashine? Unalenga faida kubwa kabisa, au unalenga kupunguza maafa? Unahifadhi au unafuja? Na la saba, ambalo wahandisi wangelibandika ukutani: unachagua kinachoweza kurudishwa nyuma badala ya kisichorudishika? Swali hili la mwisho peke yake linatosha kubadilisha kikao cha kupitisha bwawa, barabara au mfumo wa vitambulisho.

Kwa kikundi kinachotaka kusikiliza pamoja, darasani au kwenye chama cha wahandisi vijana, maswali hayo ndiyo sehemu yenye faida kubwa na ndiyo inayoharibika kwa urahisi. Huharibika kwa namna mbili. Kwanza, watu huchagua kitu kipana mno, kama intaneti au barabara, na mazungumzo yanageuka kuwa maoni ya jumla. Chagueni kitu kimoja chenye vitufe na mipaka: mashine ya namba za foleni hospitalini, mizani ya mahindi ya ushirika, mfumo wa kuomba mkopo wa chuo. Pili, watu hujaribu kujibu maswali yote saba kwa kikao kimoja. Mawili yanatosha. Simamisheni rekodi kila baada ya dakika 15 hivi, mmoja aeleze alichosikia kwa Kiswahili bila kusoma, wengine wasahihishe, ndipo muendelee. Bila kusimama, Kiingereza chake cha lafudhi ya Kijerumani na sentensi zake ndefu huwaacha nyuma waliokaa mwisho, na hawatasema.

Upungufu upo, na si mdogo. Mifano ya kompyuta na simu ni ya miaka ya 1980, na baadhi ya masuala ya siasa za Kanada anayoyagusa hayaelezwi kwa mgeni. Takwimu ni chache. Anayetaka kujua ni wangapi, kiasi gani, kwa miaka mingapi, atabaki na kiu. Anapotenganisha kukuza na kuzalisha, na kulaumu shule zinazowatendea watoto kama bidhaa kwenye mstari wa kiwanda, hoja ni nzuri lakini anaipita haraka kuliko inavyostahili. Toleo la kitabu la 1999 liliongeza sura nne juu ya zile sita za mwanzo ili kuzungumzia mtandao, nazo ni nyepesi kuliko za kwanza. Kama fedha ni za kuhesabu, sauti ya bure inatosha.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba hauoni vya kutosha wema wa kazi iliyopangwa hatua kwa hatua. Chanjo haziwezi kutengenezwa na fundi anayebadilisha mambo njiani. Kwa hiyo asikilizwe pamoja na Atul Gawande, daktari wa upasuaji, aliyetoa Mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 2014. Wa pili kati ya minne, The Century of the System, ndio unaomjibu Franklin ingawa hamtaji. Hoja yake ni kwamba elimu ya tiba imekuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu mmoja, na kinachookoa maisha sasa ni mfumo, hata karatasi yenye orodha.

Orodha yenyewe iko wazi kwa yeyote. Ile ya Shirika la Afya Duniani ya upasuaji salama, iliyotolewa mwaka 2008, ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hayo ni maagizo ya hatua kwa hatua, aina ileile ambayo Franklin anaitahadharisha. Lakini tazama kituo cha pili: kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa ana njia ya kusema pamba moja haijaonekana. Karatasi ile imejenga majibizano ndani ya utaratibu, na ndiyo maana inapojazwa baada ya upasuaji kwisha, ili faili lionekane kamili, inabaki karatasi tu. Kuwasikiliza Franklin na Gawande kwa mfuatano huo kunafundisha zaidi kuliko kumsikiliza mmoja wao mara mbili.

Mihadhara mingine ya Reith inayogusa uhandisi haijafikia hapo. Alec Broers, mhandisi aliyefanya kazi IBM na baadaye kuongoza Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoa mitano mwaka 2005. Anaijua kazi ya saketi ndogo kwa undani, na mhadhara wa nne, kuhusu teknolojia ya nano, unafaa kwa mwanafunzi wa elektroniki. Mingine inasifu zaidi kuliko inavyochunguza, na ule wa uongozi wa ubunifu unaweza kurukwa. Stuart Russell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2021, alitoa minne kuhusu akili mnemba, na ni mwalimu safi: anaonyesha kwa nini mashine iliyopewa lengo moja lisilobadilika italifuata hata likidhuru, na kwa nini iachwe na shaka kuhusu kile binadamu anachotaka ili ikubali kuzimwa. Anza na wa kwanza na wa nne. Wa pili, kuhusu silaha zinazochagua shabaha zenyewe, usikilizwe na watu wazima. Katika hazina hiyohiyo yumo Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, na mihadhara yake sita ya 1979; wa mwisho unatetea Afrika kuwa na uwezo wa silaha za nyuklia, na wanafunzi wa uhandisi wangepata mengi kwa kuupitisha kwenye swali la saba la Franklin.

Upatikanaji ni mzuri. CBC inaitunza Mihadhara ya Massey chini ya kipindi chake cha Ideas, na BBC inatoa ya Reith kama podikasti, ikiwa na mkusanyiko wa kumbukumbu kuanzia 1948 pamoja na maandishi ya mihadhara mingi. Kila mhadhara hauzidi saa moja. Ya Reith ya miaka ya karibuni ina maswali ya hadhira. 

Kuhusu bando: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa, ya kilobiti 128 karibu 58. Pakua faili kwanza badala ya kusikiliza moja kwa moja, kwa sababu mtandao ukikatika unaporudisha nyuma unaweza kulipia sehemu ileile mara mbili. Pakua na maandishi yake panapopatikana. Faili la maandishi ni dogo kuliko la sauti. Asome kwanza yule atakayeongoza kikundi, aweke alama pale penye mfano wa kiufundi, na kwa Franklin achore kalibu ya udongo ubaoni kabla ya kubonyeza kitufe: mfano, vipande vya nje, kiini kilichokwanguliwa, vibanzi vya kutenganisha. Asiyeona picha hiyo kichwani atasikia habari za vyombo vya kale na kukosa hoja iliyojengwa juu yake.